Mwamba Nilioupa Jina la Shemeji

Somoe mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda kwa bibi kuaga, na bibi yako ninavyomjua haachi mtu aondoke kabla hajala. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa hapa barazani, jua bado liko juu ya mikorosho ya jirani, kuku wananizunguka wakidhani nitawatupia kitu, na mimi naandika. Miaka yote hii nawafundisha watoto wa watu kuandika barua kwa baba. Leo natafuta jinsi baba anavyoanza barua kwa mtoto, na naona hatukuwahi kuifundisha.

Sitakwambia habari za kuchemsha maji, wala za kufunga mizigo kwenye lori, wala usikae karibu na nani. Mama yako amekwisha kusema hayo yote tangu wiki iliyopita, na mengine ameyasema mara mbili ili mimi pia niyasikie. Korosho zimo kwenye kikapu, kisamvu kikavu kimo, ming'oko, vile viazi vya porini, imo, na nguo zako zimo kama ilibaki nafasi. Ukifika Masasi watadhani tumekutuma kufungua soko.

Nakuandikia kwa sababu ya swali lako la juzi. Tulikuwa kwenye tangi, tunasubiri ndoo ijae, ukaniuliza, "Baba, utanifikisha mpaka mlangoni kwa Mjomba?" Nikakujibu kwamba sofa za mjomba wako zinanitia muwasho. Ulicheka kwa adabu, kama mnavyocheka siku hizi baba akisema kitu cha kizamani, ukajitwisha ndoo ukaenda. Lakini nilikuona umeinamisha kichwa kabla ya kujitwisha. Unajua kwamba tangu ulipokuwa darasa la pili sijakanyaga nyumba ya Hamisi. Akija hapa namwamkia, namkaribisha kiti, halafu nakumbuka kwamba nina madaftari ya kusahihisha. Hata likizo nina madaftari ya kusahihisha.

Mama yako amependekeza tushuke wote mpaka Lisekese kwa shangazi yako, dada yangu, halafu yeye shangazi akupeleke mjini na kukukabidhi. "Wewe utapumzika hapo kwa dada yako," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Ni njia nzuri. Hakuna atakayeaibika. Na mimi mpaka sasa hivi ninapoandika sijamjibu, wala wewe sijakujibu. Nataka kwanza ujue unachoniomba.

Unajua mimi si mtu wa huku juu uwandani. Ni Myao wa Lisekese, nimekuja Mkunya kwa kazi ya ualimu na nikaolewa, maana ukweli ni huo, mama yako ndiye aliyenioa. Nilihamia kwao na sanduku moja la bati na fimbo ya mwanzi yenye uzi. Wajomba zake waliliangalia sanduku, wakaiangalia fimbo, mmoja akauliza kama kwetu mahari inavuliwa.

Fimbo ile ilikuwa na historia yake. Nilipokuwa nasoma Chidya tulikuwa na mwalimu mmoja wa Kizungu, mrefu, mpole, ambaye siku za mapumziko alipakia wavulana watatu wanne kwenye gari lake bovu na kushuka nasi mpaka Ruvuma. Sisi tulifuata safari, yeye alifuata samaki. Kwao, alisema, kuna samaki wa maji baridi aitwaye trauti, ana madoa kama ya kanga wa porini, na huyo havuliwi kwa chambo. Huvuliwa kwa uongo. Unachukua ndoano ndogo, unaivisha unyoya na uzi mpaka inafanana na mdudu, halafu unairusha juu ya maji kwa kamba ndefu, mbele nyuma, mbele nyuma, kama mtu anayefukuza ng'ombe wasiokuwepo. Tulijificha kwenye matete tukacheka mpaka tukalia. Mtu mzima na digrii yake anachapa mto. Trauti katika Ruvuma hakumpata, ni sawa na kutafuta barafu Masasi. Lakini jioni moja baada ya mvua kumbikumbi walitoka, wakaanguka majini, na samaki wadogo weupe wenye mapezi mekundu wakaanza kuruka kuwadaka. Yule mwalimu akarusha unyoya wake katikati yao. Akatoa samaki. Akarusha tena, akatoa mwingine. Tuliacha kucheka. Mimi nilitoka kwenye matete nikamwomba anifundishe, na hilo ndilo jambo pekee la Chidya ambalo sikuwahi kulisahau baada ya mtihani.

Basi nilipokuja huku juu, mahali ambapo maji ni kitu cha kusubiriwa kwenye foleni, watu waliponiona Jumamosi nashuka genge la uwanda kwenda mtoni na mwanzi begani, saa kadhaa za kutembea kwenda na zaidi za kupanda, waliona mama yako amepata mume mwenye kasoro. Kijiji kizima kinapandisha maji, mkwe wao anashuka kuyafuata kwa miguu ili ayaangalie.

Mtu mmoja tu hakunicheka, au niseme alinicheka halafu akachukua panga na kuniambia twende. Huyo alikuwa Hamisi, kaka wa mama yako, mjomba wako.

Nataka nikwambie alivyokuwa, kwa sababu kesho kutwa utaishi naye na utampenda, na sitaki udhani nitakasirika ukimpenda. Mkwe katika kijiji cha mkewe ni kama mgeni ambaye mwenyeji amesahau kumuaga. Unalima shamba la ukoo wao, unakaa kwenye kiwanja cha ukoo wao, watoto wako ni wa ukoo wao, na kikao kikikaa wewe unatafutiwa kiti karibu na mlango. Si ubaya, ndiyo desturi, na kwetu Wayao ni hivyohivyo, wajomba zangu mimi wamewakalisha wengi mlangoni. Lakini Hamisi alikuja kunichukua pale mlangoni. Njiani alikuwa anaigiza sauti za wajomba mpaka nakaa chini. Aliogopa maji kuliko mtoto, hakujua kuogelea, na mara ya kwanza alipouona mto umefura alinishika mkono akaniuliza kama huwa unarudi.

Nilimfundisha yote. Na sasa nitakufundisha wewe kidogo, maana ukitoka nyumbani bila kujua kazi ya baba yako watu watakucheka.

Masika Ruvuma si mto uliouona kwenye kiangazi, wenye michanga na watu wanaovuka na baiskeli begani. Unakuwa mwekundu, mpana, unapita na magogo na vichaka vizima, na visiwa vyote vinazama. Mtu asiyejua akiona hivyo hurudi nyumbani, huona samaki wamekwenda na maji. Hawajakwenda. Samaki hapigani na maji makali, hana ubishi huo. Anatafuta mahali ambapo mto umepunguza hasira: nyuma ya jiwe, ukingoni kwenye nyasi zilizozama, chini ya mti ulioanguka. Hapo anakaa, pua imeelekea yanakotoka maji, anasubiri kuletewa. Kwa hiyo wakati mto mzima umefura, samaki wa maili nyingi wanajazana kwenye vyumba vichache. Ukikijua chumba, huhitaji mto.

Mimi nilikijua. Kulikuwa na mwamba mrefu uliotoka ukingoni kama ulimi, na nyuma yake maji yalizunguka polepole, meusi, yamefunikwa na povu na kumbikumbi waliokufa. Nilikitafuta masika mbili. Unasimama mbali na ukingo, kwa sababu ya mamba, unarusha unyoya pale maji makali yanapokutana na yale yaliyotulia, halafu unaacha. Kosa la wengi ni kuvuta. Ukiuvuta samaki anajua kuna mtu upande wa pili. Unauacha uje wenyewe, na wewe unatulia kama huna haja nao.

Tukawa tunapanda na samaki. Si wengi, mtungo mmoja kwenye kamba ya mgomba. Lakini kwa watu wa huku juu, samaki mbichi katikati ya masika, wakati njia zote zimeharibika na lori la samaki wakavu halifiki, ilikuwa kama mtu kushuka na nyota. Watu wakaanza kuuliza. Wanakuja hapa jioni, wanaketi, wanasifu kuku, halafu wanauliza, "Mwalimu, hawa mnawapata wapi?"

Hapa ndipo nilipokosea, Somoe, na nilikosea kwa adabu. Mkwe hajisifii ukweni. Hujengi nyumba ukasema nimejenga, unasema tumesaidiwa na wajomba. Ukivuna vizuri ni shamba lao zuri. Kwa hiyo nilivyoulizwa nikajibu kama nilivyolelewa. Nikasema, ni kwa Hamisi. Pale mwambani kwa Hamisi. Hamisi ndiye anayejua. Mara ya kwanza mwenyewe alikuwepo akakohoa, akaniangalia, nami nikamkonyeza. Njiani alinishukuru, akasema sasa wajomba zake wamemwona mwanaume. Nilifurahi. Nilijiona nimempa rafiki yangu kanzu. Na nikaendelea kumvisha kila masika, kwa kila aliyeuliza, mpaka wavuvi wa bondeni nao wakasikia, na pale mahali pakawa na jina. Kwa Hamisi. Hata mimi nikawa nasema hivyo nikiwa peke yangu.

Tulikuwa na sharti moja tu. Maji yakiwa yamejaa, pale mwambani ni ndoano tu. Nyavu hapana, na utupa, ule mmea wa sumu ya samaki, hapana kabisa, kwa sababu waliojikinga pale wakati huo si samaki wa pale, ni samaki wa mto wote. Ukipiga wavu hapo kwenye mafuriko umefunga mlango wa msikiti watu wakiwa ndani. Maneno hayo ni ya Hamisi mwenyewe, mimi nilimweleza kwa kirefu kama mwalimu, yeye akayafupisha hivyo. Nilimsifu.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Wewe ulikuwa mdogo, unachokumbuka labda ni viatu vya mtumba na sabuni ya rangi. Sisi tuliotoka kwenye foleni za sabuni tulikuwa kama watu waliofunguliwa macho sokoni. Duka lililokuwa na viberiti na majani ya chai tu, ghafla lina redio, lina matairi ya baiskeli, lina nyavu za nailoni zimetundikwa kama mapazia. Kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Hata mimi nilijaribu kuuza kalamu na penseli kwa wanafunzi wangu, nikaishia kuwagawia, mama yako anayo habari hiyo na atakusimulia bila kuombwa.

Hamisi alifaa kwa miaka ile. Alikuwa na mdomo, alikuwa na haraka, na hakuwa na chaki ya kumfunga. Akaanza kuteremka Masasi na kurudi na vitenge, akafahamiana na tajiri mmoja aliyekuwa na gari la kubebea samaki lenye masanduku ya barafu. Barafu, Somoe. Nilikwambia ni vigumu kuipata Masasi, ikapatikana. Jumamosi zake zikapungua. Nilikwenda na kurudi peke yangu mara nyingine, nikimwekea sehemu yake kama kawaida.

Jumamosi moja, mto umefura kuliko miaka yote, nilipita kwake asubuhi. Mkewe akaniambia ameshuka Masasi tangu jana, hakuniangalia usoni, nikadhani wamegombana. Nikashuka genge peke yangu. Kabla sijauona mwamba niliisikia harufu. Nyasi za ukingoni zilikuwa nyeupe. Nilidhani ni povu. Walikuwa samaki wadogo, wale wenye mapezi mekundu, wa kidole, wasiofaa hata kukaangwa, wamelala ubavu kwa maelfu wamenaswa kwenye majani, na katikati yao mabua ya utupa uliopondwa. Kwenye mawe kulikuwa na vipande vya wavu mpya, wa kijani. Ukingo wote umekanyagwa na miguu ya watu.

Kulikuwa na mzee mmoja wa bondeni anaokota waliobaki wakubwa wakubwa. Nilimwamkia, akaitika. Nikamuuliza nani amefanya hivi. Aliniangalia kama mtu anayeulizwa jina la mwezi.

"Mwenyewe," akasema. "Alikuja na watu wake juzi, wakalala hapa."

"Mwenyewe nani, mzee?"

"Hamisi. Si kwa Hamisi hapa?"

Nikafungua uzi wangu nikarusha unyoya, siku nzima nilirusha, kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya kwa mikono. Maji yalizunguka vilevile, polepole, meusi, na hakuna kitu kilichogusa.

Nilikwenda kwa wajomba wa mama yako. Nilivaa kanzu, nilifuata taratibu, niliomba kikao na nikapewa. Nikaeleza kila kitu: sharti letu, wavu, utupa. Walisikiliza vizuri. Mjomba mkubwa, marehemu sasa, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa haki, si mtu wa kupendelea. Akaniuliza swali moja tu. "Mwalimu, hapo mahali ni pa nani?"

Nikaangalia mlangoni.

"Maana sisi hatujawahi kufika," akasema kwa upole, "sisi tunajua ulivyotuambia wewe."

Baadhi walicheka, si kwa ubaya, walicheka kama watu wanaomsaidia mtu ainuke. Mama yako alikuwa amekaa kwenye jamvi na wanawake, anajua tangu mwanzo nani aliyeutafuta ule mwamba masika mbili, ndiye aliyenifungia viazi vya njiani. Nilimwangalia. Akarekebisha khanga yake. Tulipofika nyumbani nilimuuliza kwa nini hakusema. Alivua khanga akaikunja. Halafu akasema, "Baba Somoe, yule ni kaka yangu na wewe ni mume wangu. Mume akiondoka, kaka yupo. Mimi sikuyaweka hivyo."

Sikwambii ili umkasirikie mama yako. Amekaa na mimi miaka yote hii na sijaondoka, kwa hiyo naweza kusema nilishinda ule ubishi, ingawa hajawahi kunitangazia. Nakwambia kwa sababu na wewe siku moja utakaa kwenye jamvi hilo, na utakuwa na kaka upande mmoja na mume upande mwingine, na mdomo wako utakuwa mzito. Ujue tu kwamba yule aliyekaa mlangoni anakuangalia.

Hamisi alikuja baada ya wiki. Alikuja mwenyewe, hilo nampa. Alisimama hapa hapa ninapoandikia, amevaa saa mpya, akaanza na mzaha, nao ulikuwa mzuri, sitauandika maana nitacheka tena. Nilimwambia neno moja. Nilimwambia, ungeniambia.

"Ningekuambia ungekataa," akasema.

Halafu akasema dunia imefunguliwa, shemeji, na wewe bado umesimama na unyoya wa jogoo. Kwamba mwingine yeyote angepiga wavu pale mwaka huo au mwaka ule. Huenda ni kweli. Nimekaa nayo muda mrefu hoja hiyo, nimeigeuza kila upande, na sijaona mahali ilipooza. Ila yule mwingine yeyote nisingekuwa nimemfundisha mimi. Mwingine yeyote asingejua kwamba mto ukifura wote wapo pale. Hicho ndicho kilichonipata, si samaki. Samaki kidogo kidogo wamerudi, nasikia. Kilichonipata ni kwamba alichukua kile nilichomweleza kwa furaha, tukiwa tumelowa, tunagawana kiazi, akakitumia kama ufunguo.

Baadaye alinitumia zawadi kutoka Dar es Salaam, fimbo ya kuvulia ya dukani, nyeusi, na kishikio chake cha gome kama la kizibo cha chupa, na gurudumu la uzi. Umeiona tangu ukiwa mdogo. Ndiyo ile inayoinua kamba ya kuanikia nguo. Mara nyingi uliuliza kwa nini mti wetu wa nguo una gurudumu, sasa umejua.

Na duka lake la Masasi, nyumba ya bati, sofa zenye vitambaa, vilianzia hapo mwambani. Sasa amesema atakuweka kwake ujifunze ushonaji, na ukoo umesema sawa, na wewe umefurahi, na mimi nimeambiwa mambo yakiwa yameshapangwa. Ni haki yake, yeye ndiye mjomba. Tena ninaamini atakutunza vizuri. Hamisi si mchoyo. Atakuchekesha mpaka ushindwe kula. Hilo ndilo ambalo hakuna aliyenionya, kwamba mtu akikuvunja haachi kuwa mtamu. Ningepata nafuu kama angegeuka kuwa mtu wa kununa. Akiingia hapa na kuanza kuigiza sauti ya karani wa benki, mimi ndani na madaftari yangu ya uongo nauma kalamu nisicheke. Nimepoteza samaki, sawa, lakini ninachokikosa hasa ni mtu wa kushuka naye genge.

Wewe una ulimi wangu, nimekuona. Dada yako mdogo akisifia nywele zako unasema ni mama aliyesuka vizuri. Ulipopata nafasi ya pili darasani ulisema mtihani ulikuwa rahisi. Watu wanakusifu kwa hiyo adabu, na mimi ndiye niliyekupa, na sikuombi uitupe. Waamkie wakubwa, piga magoti unapotoa maji, usiongee wakati wajomba wanaongea. Lakini ukishona nguo kwa mikono yako, mteja akiuliza dukani nani ameshona, usiseme ni ya Mjomba. Usiseme ni ya mke wa Mjomba. Sema, kwa sauti ndogo kama unavyotaka, nimeshona mimi. Watakuona una kiburi kidogo. Kiburi kidogo kinavumilika. Mimi nilikikwepa, na siku nilipoulizwa mbele ya watu hapo mahali ni pa nani, sikuwa na neno la kwangu hata moja.

Nasikia kicheko cha mama yako njiani, kwa hiyo bibi amewaachia, na lazima nifike kwenye jibu lako.

Nilikusudia kuandika hapana. Nilipokaa hapa barua hii ilikuwa ya hapana. Ningebaki Lisekese kwa dada yangu, ninywe chai, na wewe uingie kwa Hamisi ukiongozwa na shangazi. Lakini kadiri ninavyoandika nauona ule mlango. Nakuona umesimama na kikapu chako, naye anatoka, anakupokea, na majirani wanauliza, huyu mtoto ni wa nani? Na wanajibiwa, wa Hamisi. Bila ubaya wowote. Mimi nikiwa Lisekese nakunywa chai.

Kwa hiyo nitakufikisha. Usidhani nimesamehe, sijasamehe, na sitaki uende ukimwambia mama yako kwamba barua imemlainisha baba. Mwamba ulichukuliwa mimi nikiwa darasani nafundisha. Wewe hutachukuliwa mimi nikiwa sipo. Nitaingia mjini na wewe, nitabeba kikapu cha korosho kama mwanaume aliyeoa vizuri, na hodi nitapiga mimi. Akitoka nitamwamkia. Halafu nitasema, kwa sauti ya kutosha watu wa dukani wasikie, kwamba huyu ni binti yangu, nimemleta akae kwake kwa muda, na ni wangu. Mama yako atasema nimevunja adabu, baba hasemi hivyo mbele ya mjomba, na atakuwa sahihi.

Hamisi atajibu kwa mzaha, namjua, na utakuwa mzaha mzuri sana. Nakuomba kitu kimoja tu, mwanangu. Usicheke mpaka nimemaliza kusema.

Baba yako